Intaneti ya Nyumbani Ikikatika-katika: Tafuta Ubovu Ulipo Kabla ya Kufungua Mfuko

Siku hizi kompyuta imeingia hata vijijini. Utaiona nyumbani kwa mwalimu, kwa mwenye duka la dawa, kwa katibu wa chama cha ushirika, na pengine kwa mkulima aliyeuza kahawa yake vizuri akawanunulia watoto. Kando yake utaona kisanduku kidogo chenye taa za kumetameta, nacho watu hukiita ruta. Ndani yake mna laini kama ile ya simu. Hicho ndicho kinacholeta intaneti nyumbani na kuipeleka kwenye kompyuta bila waya, kwa njia iitwayo waifai.

Chombo hiki ni msaada mkubwa. Lakini kina tabia moja inayoudhi: leo chafanya kazi, kesho chagoma, saa mbili kimetulia, saa tatu kimekatika. Kama kingekufa kabisa ingekuwa afadhali, maana kitu kilichokufa hujulikana. Kinachokufa na kufufuka ndicho kinachowasumbua watu.

MANENO NDANI YA NYUMBA

Tuchukue mfano. Kijana amemaliza kidato cha sita, naye ataka kuomba mkopo wa masomo. Maombi hayo hupelekwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya intaneti, na siku zake zina mwisho. Kijana akaa mbele ya kompyuta, ajaza jina, ajaza shule. Akifika katikati, mtandao wakatika. Aanza tena, wakatika tena. Hapo maneno huanza.

"Wewe ndiwe unayemaliza bando kwa kutazama mpira," asema baba.

"Sivyo, baba. Ruta yenyewe imechoka," kijana ajibu.

"Acheni kugombana, baba Fulani," asema mama. "Siku zaisha, na mtoto atakosa mkopo."

Mwisho wake baba auza gunia la mahindi, anunua ruta mpya. Wiki haijapita, mtandao wakatika tena. Kwa nini? Kwa sababu ruta haikuwa na kosa. Fedha zimekwenda, ugonjwa umebaki, na kijana amesingiziwa.

Ndugu msomaji, twataka kukuonyesha jambo moja tu: kabla hujatoa fedha, na kabla hujamlaumu mtu, jua kwanza ubovu uko wapi. Jambo hilo laweza kujulikana nyumbani kwako, kwa majaribio machache yasiyo na gharama.

NJIA INA VIPANDE VITATU

Fikiri habari ya bomba la maji la kijiji. Maji yakikosekana katika ndoo yako, kosa laweza kuwa kwenye koki ya nyumbani kwako, au kwenye bomba litokalo kwenye tangi, au kwenye chemchemi yenyewe huko mlimani. Mtu mwenye akili hanunui koki mpya kabla ya kumwuliza jirani: "Je, kwako maji yatoka?"

Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Kipande cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, ndani ya nyumba. Hapo ndipo penye waifai. Kipande cha pili ni kutoka ruta hadi mnara wa kampuni ya simu, juu ya kilima kile unachokiona. Kipande cha tatu ni kutoka mnara hadi mjini, na kutoka mjini hadi nchi za mbali kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kipande kimoja kikikatika, kwenye kioo cha kompyuta utaona jambo lile lile: ukurasa haufunguki. Ndiyo maana watu hukosea kuubaini ugonjwa.

MWULIZE JIRANI

Jirani wa kompyuta ni simu. Mtandao ukikatika, usiizime ruta kwa haraka. Chukua simu ya kisasa na uiunganishe na waifai ile ile ya ruta. Lakini angalia sana: zima kwanza intaneti ya laini ya simu yenyewe, ibaki waifai peke yake. Usipofanya hivyo, simu yaweza kupita njia yake ya pembeni, nawe ukadhani waifai ni nzima.

Sasa jaribu kufungua ukurasa. Kama simu yafungua na kompyuta haifungui, ruta na mnara havina kosa. Ugonjwa umo ndani ya kompyuta, au mahali kompyuta ilipowekwa. Kama zote mbili hazifungui, zima waifai ya simu, washa intaneti ya laini yake, ikiwa ni ya kampuni ile ile ya ruta na ina salio. Ikifungua, basi mnara unafanya kazi: tazama ruta, umeme wake, laini yake na kifurushi chake. Isipofungua, huenda shida iko kwenye mnara au mbele yake. Hata ukinunua ruta tatu hazitakusaidia.

Weka daftari dogo kando ya kompyuta. Kila ukatikapo mtandao, andika saa, taa za ruta zilivyokuwa, hali ya mvua na ya umeme, na simu ilisema nini. Fanya hivyo siku tatu. Daftari hilo litakuambia mengi kuliko fundi asiyeijua nyumba yako.

JARIBIO LA NAMBA

Aliye na kijana aliyejifunza kompyuta anaweza kupata jibu la hakika zaidi. Katika kompyuta zenye Windows, kijana aandike cmd mahali pa kutafutia programu, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Kitafunguka kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Humo aandike ipconfig. Yatatokea maneno na namba. Atafute palipoandikwa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo, ndiyo anwani ya ruta yenu.

Sasa aandike neno ping, aache nafasi, aandike namba hiyo. Kompyuta itabisha hodi kwa ruta mara 4 na kungoja jibu. Kisha abishe hodi mbali zaidi: ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya mashine za Google, nje ya nyumba na nje ya kijiji. Mwisho abishe kwa jina: ping wikipedia.org.

Ruta isipojibu, au ikijibu mara moja na kukosa mara mbili, ubovu umo katika kipande cha kwanza, ndani ya nyumba. Ruta ikijibu vizuri na ile ya mbali isijibu, ubovu uko kati ya ruta na dunia. Na kama namba ya mbali yajibu, lakini jina halipatikani, basi njia ni nzima. Kilichopotea ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Hapo kuizima na kuiwasha ruta huweza kutosha.

Kwa kuwa ugonjwa wenyewe huja na kuondoka, hodi 4 hazitoshi. Aongeze -t mwishoni, hivi: ping 192.168.1.1 -t. Kompyuta itaendelea kubisha hodi mpaka izuiwe kwa kubonyeza Ctrl na C pamoja. Hodi moja ni baiti 32 tu, kwa hiyo kifurushi hakiumizwi. Aiache kwa nusu saa, huku akitazama majibu yanakosekana wakati gani.

Tena kuna dalili nyingine katika kidirisha hicho. Ukiona anwani ya kompyuta yenu yaanza na 169.254, ujue kompyuta haikupewa namba na ruta. Zizime zote mbili. Washa ruta kwanza, ngoja dakika 3, ndipo uwashe kompyuta.

RUTA IMEWEKWA WAPI?

Ubovu ukiwa ndani ya nyumba, anza na jambo jepesi: mahali. Mawimbi ya waifai ni madogo sana. Yale ya masafa ya 2.4 yana urefu wa sentimeta 12 na nusu tu. Bati huyarudisha nyuma. Maji huyameza. Ukuta mnene wa matofali huyapunguza nguvu, na wa matofali mabichi yaliyonyeshewa huyapunguza zaidi.

Sasa tazama desturi yetu. Ruta ni kitu cha thamani, kwa hiyo huwekwa ndani ya kabati la chuma na kufungwa kwa kufuli! Au huwekwa nyuma ya pipa la maji, au sakafuni chini ya kitanda. Wengine huipamba kwa kitambaa cha kufuma, kama tulivyokuwa tukipamba redio. Mtandao utapitaje hapo? Tena ruta hutoa joto, na ikifunikwa chini ya paa la bati wakati wa adhuhuri, huchemka na kulegea. Ukiona mtandao wakatika saa saba mchana na kupona jioni, ondoa kitambaa kwanza.

Weka ruta juu, mahali pa wazi penye hewa, mbali na chuma na maji. Lakini kumbuka kwamba ruta yenye laini ina kazi mbili: yasikiliza mnara na yasema na kompyuta. Kwa hiyo hupenda dirisha linaloelekea mnara. Ikiwa dirisha hilo liko chumba cha mbali, usiirudishe ruta gizani, sogeza kompyuta.

Ruta nyingi za sasa hutoa waifai mbili, ya masafa ya 2.4 na ya 5. Ile ya 5 ni ya mbio, lakini hufika karibu tu na hushindwa upesi na kuta. Kompyuta ikiwa chumba cha pili au cha tatu, chagua ya 2.4. Kwa wakaao karibu na shule au soko, ambako waifai ni nyingi, ya 2.4 hujaa kelele kama mnada. Hapo mwombe anayejua aihamishie kwenye mkondo wa 1, 6 au 11, ule wenye watu wachache, maana hiyo mitatu haigongani.

Kuna jaribio moja la kumaliza ubishi. Kama kompyuta yako ina tundu la waya wa mtandao, azima waya huo na uunganishe kompyuta na ruta moja kwa moja. Mtandao ukitulia siku nzima, waifai ndiyo yenye kosa. Ukiendelea kukatika, waifai haina hatia. Na kama utaona waya wafaa, uache hapo hapo. Waya wa namna hiyo huweza kufika meta 100, nao haujali bati wala ukuta.

UMEME NAO NI SHAHIDI

Angalia taa za ruta wakati wa kukatika. Zikizimika zote kwa pamoja na kuwaka moja moja tena, mtandao haukukatika. Ruta ilikosa umeme. Hili huonekana sana katika nyumba zenye umeme wa jua betri zikichoka, na katika nyumba za umeme wa gridi jioni nguvu zinaposhuka. Tazama pia kama plagi yacheza katika tundu.

Pengine chaja iliyokuja na ruta ilipotea, ikaazimwa nyingine. Jambo hili lina hatari. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye ruta na yaliyo kwenye chaja. Volti lazima ziwe sawa kabisa, kama ni 12 ziwe 12. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Na alama za chanya na hasi zifanane. Chaja yenye ampea pungufu huiwasha ruta vizuri, lakini ruta ikipata kazi nyingi huzimika. Watu husema ruta ni mbovu, kumbe yaona njaa.

KOMPYUTA INAYOSINZIA

Kama majaribio yamesema kosa ni la kompyuta, yafaa kujua kwamba kompyuta nyingi huzima kifaa chake cha waifai ili kuokoa betri, kisha huchelewa kukiamsha. Katika Windows, maneno ya kioo mara nyingi ni ya Kiingereza, nasi tutayaandika kama yanavyoonekana. Fungua Device Manager, kisha Network adapters, ubonyeze mara mbili jina la kifaa cha waifai. Katika ukurasa wa Power Management ondoa alama ya tiki mbele ya mstari unaoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kama ukurasa huo haupo, kompyuta yako haina chaguo hilo; endelea na mengine.

Lililobaki ni kuiamuru kompyuta isahau waifai ya nyumbani, kisha kuiunganisha upya kwa kuandika nywila. Fanya badiliko moja tu, kisha ujaribu siku nzima. Afanyaye matano kwa pamoja, hata akipona hajui dawa iliyomponya.

NANI ALIYEKULA BANDO?

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kifurushi huisha hivyo hivyo, na mara nyingi mlaji si mtoto. Windows hupakua marekebisho yake yenyewe, kimya kimya, nayo huweza kuwa makubwa. Simu za wageni waliopewa nywila mwaka jana hujiunga zenyewe kila wapitapo kusalimu. Na makampuni mengine, kifurushi kikiisha, hayakati bali hupunguza mwendo, nawe wadhani mtandao ni mbovu.

Basi, kabla ya kumkemea kijana, fungueni pamoja mipangilio ya mtandao, mtazame Data usage. Windows huonyesha kila programu ilitumia kiasi gani katika siku 30 zilizopita. Kama ni mpira, utaonekana. Kama ni marekebisho, yataonekana pia, na mtoto atakuwa amepata haki yake. Kisha katika mipangilio ya waifai yenu washeni Metered connection, ili kompyuta ijue kwamba hapa bando hununuliwa kwa jasho, ipunguze kupakua mambo yasiyo ya lazima. Marekebisho ya usalama msiyaache kabisa. Yapakueni kwa siku mliyopanga. Na mbadilishe nywila ya waifai.

KOSA LIKIWA NJE YA NYUMBA

Kuna siku kosa halimo kijijini kabisa. Jumapili tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Siku hiyo intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo. Ni watu wangapi walizima ruta zao na kuziwasha siku hiyo, wakiwalaumu watoto wao!

Hata siku za kawaida, mnara mmoja hugawa nguvu zake kwa watu wote walio karibu. Saa mbili usiku, kila mtu ameshika simu, sehemu yako huwa ndogo. Saa kumi na moja alfajiri, mnara ule ule huwa mwepesi. Daftari lako likionyesha kwamba mtandao wasumbua jioni tu, na ruta yajibu hodi vizuri, usinunue kitu. Badili saa ya kufanya kazi.

Lakini ikiwa mnara wasumbua mchana na usiku kwa siku nyingi, ipigie kampuni simu ukiwa na daftari mkononi. Mtu asemaye, "Mtandao wenu mbaya," hupewa jibu la kuzima na kuwasha. Mtu asemaye, "Tangu Jumanne, saa nne hadi saa saba, ruta yangu yajibu, 8.8.8.8 haijibu, na simu zenye laini yenu nazo hazipati," huyo amewapa pa kuanzia.

Jihadhari na jambo moja. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo cha kuchomekwa pini, kimeandikwa Reset. Hiki si cha kuzima na kuwasha. Ukikibonyeza kwa muda, hufuta mipangilio yote pamoja na nywila uliyoiweka. Watoto wakatazwe kukichezea.

SIKU ZIKIWA ZIMEHESABIWA

Tumrudie kijana wetu wa mkopo. Akiwa na siku moja tu, si wakati wa kutafuta ubovu. Ni wakati wa kuvuka. Achukue simu yenye bando na kuiunganisha na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha katika mipangilio ya simu aruhusu kompyuta itumie intaneti yake kwa waya. Njia hii huruka ruta na waifai kwa pamoja. Afanye alfajiri, mnara ukiwa mwepesi. Vyeti na picha awe ameviandaa mapema ndani ya kompyuta, na maelezo marefu ayaandike kwanza kwenye karatasi, ili mtandao ukikatika asianze upya kufikiri. Akilazimika kwenda kwenye duka la intaneti mjini, nywila yake asimwachie mtu, na akimaliza ahakikishe amejitoa katika ukurasa wake.

Lakini dawa iliyo bora ni kuanza mapema. Siku ya kwanza ya maombi kuna nafasi ya kuuliza simu, kubisha hodi, kuhamisha ruta na kungoja. Siku ya mwisho hakuna.

Basi, mtandao ukikatika nyumbani kwako, shika utaratibu huu. Tazama taa na umeme. Uliza simu. Tazama salio. Bisha hodi kwa ruta, kisha mbali, kisha kwa jina. Badili mahali pa ruta. Jaribu waya. Ndipo uitengeneze kompyuta, au uipigie kampuni, au, ikiwa majaribio yote yameishuhudia ruta kwamba ni mbovu kweli, ndipo uuze gunia lako la mahindi. Hapo utakuwa umenunua dawa ya ugonjwa unaoujua.